Sare ya Nvard

Siranush alikuwa amechoshwa na wanaume wa Gyumri. Katika mji ule kila mtu ni bingwa wa sataranji: kinyozi bingwa, dereva wa teksi bingwa, hata fundi viatu anayefungwa na mjukuu wake wa darasa la pili naye bingwa. Mashindano ya timu za vijana wa dunia yalipofanyika palepale mjini, mabingwa wote hao walijazana nje ya ukumbi kuwangoja watoto watoke, wapate kuwasema.

Wiki ile walimwandama Nvard, binti wa miaka kumi na mitatu aliyecheza ubao wa nne, wa mwisho, katika timu ya nyumbani. Siku aliyofungwa na Mvietinamu, muuza mikate alimdaka mkono mlangoni.

"We mtoto, yule farasi ulikuwa unampeleka wapi, sokoni? Hata mke wangu angeona."

Huku anamsema, huku anamtia mkate wa moto kwapani. Ndivyo walivyo. Nvard akaupokea mkate, akalia nao.

Siranush, mwalimu wa watoto hao tangu wakiwa wadogo na sasa nahodha wa timu, akamvuta kwake. "Mwacheni! Kama mnajua sana, mbona hamkuitwa nyinyi?"

Wakiwa njiani Nvard akasema, "Mwalimu, wakinifanyia vile tena naacha. Hata ubao sitaki kuuona."

"Mchezo ni wako," Siranush alimwambia. "Ushinde, ushindwe, ni wako. Mimi sitakuingilia."

Siku ya mwisho walikutana na Wahindi. Mbao tatu zilimalizika, timu zikawa sawa. Akabaki Nvard peke yake, na mvulana aliyecheza naye akampa sare. Kanuni zinamruhusu mchezaji kumuuliza nahodha wake, na nahodha hujibu kubali au kataa tu, la ubaoni halisemwi. Nvard akanyanyuka, akaja.

"Mwalimu, ananipa sare. Nikubali?"

Nyuma ya kamba alisimama Hrant, mkubwa wa chama cha sataranji, shingo imemvimba. "Sare ni medali ya shaba, Siranush. Usituletee ushujaa hapa."

"Funga mdomo, Hrant."

"Haya. Akifungwa, wale wa nje utawajibu wewe?"

Siranush akautazama ubao. Mfalme wa Nvard alikuwa hana hata askari mmoja wa kumkinga, na saa yake ilikuwa inakwisha. Akatazama mlango wa kioo. Muuza mikate alikuwa amebandika pua pale, na nyuma yake vichwa kibao. Hasira zikampanda mpaka masikioni. Leo hawampati mtoto huyu, alijiapia. Leo hawamgusi.

"Kubali," akasema.

Nvard alisimama kidogo kama hakusikia. Kisha akarudi, akampa mwenzake mkono.

Kule nje ilikuwa shangwe. Muuza mikate aliwabusu watu asiowajua. Hrant alimpigapiga Siranush begani, akamwambia ameiokoa timu, na Siranush akatamani kumng'ata ule mkono.

Baada ya kuvishwa medali, alimkuta Nvard ukumbini, amezipanga kete upya kama zilivyokuwa.

"Angalia," Nvard akasema. "Malkia wangu anakuja hapa. Akimla, ngome yangu inashuka. Mfalme wake anakwenda wapi?"

Siranush akaangalia. Hakuna pa kwenda. Alitazama tena, akitafuta kosa kwa hasira, na kosa halikuwepo.

"Ulikuwa umeiona?" akafoka. "Umeiona, halafu unakuja kuniuliza mimi?"

"Nilikuwa naogopa. Nilitaka uniambie nicheze."

Siranush alifungua mdomo amtaje Hrant, awataje wale wa mlangoni. Mtoto hakungoja.

Nvard akaivua medali shingoni, akaiweka ubaoni katikati ya kete.

"Hii yako, Mwalimu. Sare umecheza wewe." Akachukua koti lake. "Na Jumatatu mazoezini usinisubiri."