Rais wa Siku Moja

Felisita Nizigiyimana alivunjwa vidole vinne vya mkono wa kulia kwa sababu alijibu swali moja kwa ukweli na kukataa kujibu la pili. Aliwekwa ndani miezi minne kwa tuhuma ya kuongoza chama haramu chenye nia ya kuiangusha serikali, na hakuna hakimu aliyepata kumtia machoni.

Alikuwa mjane wa kijiji cha Mugoma, wilayani Ngara, aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mwaka 1972. Aliwasomea waumini masomo ya Jumapili kanisani, na mwandiko wake ulisifiwa parokia nzima. Yeye na majirani kumi na wanane walilimiana mashamba kwa zamu, desturi waliyoiita ikibiri. Mwenye shamba la siku hiyo hakushika jembe: alikalishwa kwenye kigoda, akaitwa Rais, na waliochelewa walilazimika kumpigia saluti huku wenzao wakiwacheka.

Mwaka 1997, wakati kila mwenye lafudhi ya Kirundi aliposhukiwa kuwa mwasi, mtu aliyeziona saluti hizo alikwenda kutoa taarifa. Asubuhi ya zamu ya Felisita, askari walilizingira shamba lake. Wengine walitokomea migombani. Yeye na jirani yake Laurian walikamatwa.

Kituoni, mpelelezi alimuuliza Rais wao ni nani.

"Jana alikuwa mwingine, afande. Leo ni mimi."

"Na kesho?"

Hapo ndipo alipoelewa. Wa kesho na wa keshokutwa hawakuwa na karatasi yoyote ya kuishi nchini. Akiwataja, watasukumwa ng'ambo ya mto wa mpakani, kwenye vita vya Burundi. Walimpiga Laurian mbele yake kwa mpini wa jembe lake mwenyewe, mbavuni kwanza, kisha kichwani, na kila pigo lilitanguliwa na swali lilelile. Laurian, damu ikimtoka masikioni, aliinua mkono hadi kwenye paji la uso.

"Mheshimiwa Rais," alisema, "Ikulu yako hii ina kunguni."

Alikufa siku ya tatu. Felisita hakutaja jina hata moja. Ndipo walipoulaza mkono wake juu ya meza na kuuchukua tena mpini uleule, kidole baada ya kidole.

Sheria iliyotungwa kuilinda nchi dhidi ya wenye bunduki iliwashukia wakulima wawili, na walioitumia hawakuona haja hata ya kuandika shitaka. Siku ya kumwachia walimwambia tu aende zake. Kati ya wale majirani kumi na saba waliobaki, hakuna aliyevushwa mto.

Tarehe 6 Septemba 2001 kikundi chao kilipata cheti cha usajili. Kiongozi wake sasa anaitwa Mwenyekiti, kigoda hakitumiki tena, na panapotakiwa sahihi ya Felisita pana alama ya dole gumba la kushoto.