Piko Kabla ya Kunyolewa

Katika mwaka wangu wa mwisho wa kusomea sheria nilirudi kijijini kwetu, bara ya Marereni, siku ya pili ya matanga. Binamu yangu, niliyekula naye chungu kimoja na ninayemwita kaka, alikuwa amefiwa na mwanawe kwa homa ya siku mbili. Nilichokiona kwanza ni kwamba vijana walimpita babu yetu bila kumwamkia.

Kwetu mvi za mzee zinatosha kumfanya adhaniwe mchawi, na kwa dhana hiyo wazee wamekatwa mapanga. Ndiyo maana wengi hupaka piko, rangi nyeusi ya nywele. Babu alikuwa amekataa miaka yote. Adhuhuri ile nilimbembeleza, nikampaka mwenyewe nyuma ya nyumba kwa mswaki wa zamani. Nilijiona nimeokoa maisha.

Nilisahau, au niliona ni jambo dogo, kwamba mfiwa hagusi nywele zake hadi siku ya kunyolewa, matanga yanapomalizika. Babu alipotokea na kichwa cheusi tititi, uwanja mzima ulimgeukia.

"Mtoto hajapoa kaburini, yeye ajipamba," shangazi akasema taratibu.

"Hajipambi," kaka akajibu. "Ajificha."

Chuoni nilifundishwa kuwa nia haionekani. Mahakama huisoma katika vitendo. Nao walikuwa wakisoma.

Nikasimama. "Ni mimi niliyempaka. Yeye hakutaka."

"Wakili keshapata mteja," mmoja akasema, wakacheka kidogo. Kaka hakucheka. Alinifuata hadi kisimani, akaniuliza kwa upole, "Mtu akiamini kwa dhati kwamba awalinda watoto waliobaki, sheria yenu yamwitaje?"

"Muuaji. Imani haimwondolei kusudi."

"Hata kama hana chuki?"

"Hata hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei akaiona si mbaya.

Sikungoja jioni. Nilimpakia babu kwenye bodaboda, tukaanza safari ya kwenda kwenye chumba changu cha kupanga Mtwapa, na huko yuko mpaka leo. Mvi zimerudi. Nimejiambia mara nyingi kuwa nia yangu ilikuwa safi, na kila mara nimejikuta nikijitetea kama mshtakiwa.

Babu huniuliza kama kaka amepiga simu. Mimi humjibu hapana. Amepiga mara tatu: kwanza kumjulia mzee hali, kisha kuuliza tunakaa mtaa gani, na juzi, mlango wetu watazama wapi.