Nimepitia, Salama

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Sinywi. Wala usinitafutie usiku wa manane na bundi; ilikuwa saa nane mchana, jua la Musoma limekaa juu ya bati, nami nikiwa macho kuliko wewe unayesoma hapa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Nyasho. Nilifanyia kazi kampuni ndogo inayotengeneza kasha la joto la watoto njiti. Kasha hilo lina kompyuta ndogo, na ndani kabisa ya mfumo wake, kwenye kerneli, kuna draiva, yaani kipande cha programu kinachozungumza na kipima joto. Wenzangu waliandika, mimi nilipitia. Kazi yangu ilikuwa swali moja tu: kitu kikiharibika, nani ataambiwa? Draiva ikishindwa kusoma joto, inatakiwa irudishe namba ya kosa na kengele ilie. Ikirudisha sifuri, maana yake ni salama.

Kasha moja lilikuwa tayari kwenye majaribio, katika kituo cha afya upande wa Bunda. Niliwaambia manesi wa hapo kwa simu, "Liwasheni tu, nitapitia wiki hii." Ndiyo, nilisema hivyo. Sijifichi.

Basi Jumatano hiyo nimefika kwenye mistari ya kipima joto, nikasikia hodi. Mlangoni kasimama dada mmoja, kijana tu, amejifunga kitenge cha bluu chenye maua ya njano, mgongoni mtoto. Akasema ametoka Mugeta, anaomba apumzike kidogo. Nikampa kiti, nikampa maji.

"Habari za Mugeta, dada?"

"Salama."

Si unajua tunavyosalimiana? Mtu anaweza kuwa amefiwa, bado ataanza na salama, kisha ndipo aseme "ila". Nikaisubiri hiyo ila. Haikuja.

"Mtoto hajambo?"

"Salama."

Kamguu ka mtoto kalikuwa kametokeza kwenye kitenge, kadogo kama kidole gumba changu. Nikakashika kwa kubembeleza tu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Niamini, kalikuwa na baridi kama sato aliyetolewa kwenye barafu.

"Dada, mbona mtoto ana baridi hivi?"

Akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Salama."

Wewe ungefanya nini? Mimi baridi niliishika kwa mkono wangu, machozi niliyaona kwa macho yangu, halafu nikachukua neno la mdomoni. Nilikuwa na kazi. Nikageukia kompyuta kidogo tu, kugeuka tena, kiti kitupu. Mlango sikuusikia. Glasi ya maji ilikuwa imejaa vile vile, na nilikuwa nimemwona akinywa.

Nikajiambia ni jua, nikarudi kwenye mistari yangu, na hapo nikauona mstari wenye kosa. Waya wa kipima joto ukichomoka, kosa linarudishwa vizuri, lakini mstari unaolipokea haulitazami. Unaendelea kuonyesha joto la mwisho, na kurudisha sifuri. Niliuona! Nikasema bila shaka huko juu kuna mwingine anayekagua. Nikaandika, "Nimepitia, salama," nikatuma.

Saa kumi na moja simu ikalia. Ni nesi wa kile kituo.

"Kaka, hii mashine yenu huwaga inadanganya? Tangu saa saba imeandika thelathini na sita, mimi nikawa na wazazi wengine. Sasa namshika mtoto, wa baridi, kaka. Hapumui."

Waya ulikuwa umechomoka. Nikamuuliza mama wa mtoto yuko wapi.

"Si alifariki wakati wa kujifungua. Wamemzika Jumapili, kwao Mugeta."

Daktari alisema mtoto alikufa karibu saa kumi. Saa nane, simu yangu moja ingetosha.

Nilienda msibani. Bibi wa mtoto alinionyesha picha ya binti yake, na ni yule yule, na kitenge ni kile kile cha bluu. "Hicho ndo tulimzika nacho," alisema. Nikamweleza baba wa mtoto kosa la mashine, na kwamba aliyelipitisha ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoka nje. La mkewe kuja kwangu sijamwambia hadi leo. Ningemwambiaje kwamba alikuja, nami nikakubali ile salama yake?

Kasha liliondolewa, mstari ukarekebishwa. Lakini vidole vyangu vya mkono wa kulia, vilivyokashika kale kamguu, havijapata joto tena. Naviweka juu ya jiko mpaka ngozi inaungua, ndani bado baridi. Hospitali wanasema hawaoni kitu.

Kwa hiyo wewe unayeweka sahihi kwa kudhani mwingine ataangalia, nisikie: huyo mwingine hayupo. Na mtu akikwambia salama, mshike. Jana nilimpigia mama yangu Kiabakari, nikamuuliza hali. Akasema salama, na ila haikuja. Leo niko njiani kwenda kumshika, kwa mkono wa kushoto, maana huu wa kulia hauwezi tena kuniambia nani ana baridi.