Tulisema ni Mgongo

Igogo ya utoto wangu, mtaa wetu wa Mwanza, ilinuka mapanki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa kandokando ya ziwa, nyama ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiziwa mifupa na vichwa, ndiyo mapanki yenyewe, na mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake walioikaanga na kuiuza barabarani. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mpaka soko huria lilipoingia na nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa, yeye akiwemo. Nilikuwa darasa la tano. Akawa anashinda nyumbani akitengeneza redio za majirani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na baba mchana. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na utani wake haukuisha kutwa nzima.

Sasa sikilizeni kosa letu. Asubuhi moja niliingia chooni baada ya baba kutoka, nikakuta matone ya damu sakafuni. Sikustuka hata kidogo. Mtoto gani wa Igogo hajakojoa damu? Wote tuliogelea ziwani, wote tulipata kichocho, shuleni tulipangwa mstari tukameza vidonge, yakaisha. Nikatoka mbio nikicheka, nikamwambia baba ana kichocho kama mimi. Naye akacheka. Naona mpaka leo jinsi mabega yake yalivyoshuka kwa faraja. Mama akakubali, majirani wakakubali, muuza duka la dawa naye akakubali, na mwaka ule baba alimeza vidonge vile mara tatu. Alipoanza kwenda chooni kila baada ya muda mfupi na kuambulia vitone, tukasema kichocho sugu. Mgongo ulipomshika, tukasema ni vyuma vya pamba alivyobeba miaka yote ile. Hatukukosa maelezo hata siku moja, wajuaji sisi.

Siku mkojo ulipogoma kabisa, tumbo likamvimba, tukampeleka hospitali. Walimpitishia mpira wa kutolea mkojo, wakampima, na baada ya siku kadhaa daktari akamwita mama pembeni. Nilikuwa nimeshika kanga yake na hakuna aliyekumbuka kunifukuza. "Mama, hiki si kichocho," alisema. "Ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa ya mgongo." Mama akauliza basi ameze vidonge gani. Daktari akasema vidonge haviwezi tena. Nikakaa pale pale sakafuni. Jina la kichocho lilitoka kinywani mwangu mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, na watu wazima wote walikuwa wamelipokea. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza zaidi.

Baba alirudi nyumbani na mpira wake, umeungwa kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia kitandani. Kwetu binti haoni uchi wa baba yake. Ni laana, tena ya kuoshwa kwa mbuzi. Kwa hiyo mama alimwaga mfuko asubuhi kabla ya kwenda kuuza na jioni akirudi, na mimi niliruhusiwa kuweka kikombe cha uji mlangoni tu. Mchana mmoja nilimsikia akigumia. Nikabisha hodi. Akanikataza kuingia. Akagumia tena, safari hii kama ng'ombe, nami nikaingia hivyo hivyo. Baba alivuta shuka akajifunika uso, uso wake yeye, kana kwamba asiponiona nami sitamwona. Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja lake na mkojo hauna pa kupita. Niliunyoosha kwa vidole viwili. Mkojo mwekundu ukakimbilia mfukoni na baba akashusha pumzi ndefu. Niliogopa, niliona kinyaa, nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Akasema kutoka chini ya shuka: "Mayu, usimwambie mtu. Hata mdogo wangu asijue. Semeni ni mgongo."

Nikaapa. Toka siku hiyo mama akiwa hayupo niliunyoosha mimi, naye akajifunika uso, mpaka alipofariki nikiwa darasa la sita. Msibani tulisema ni mgongo. Baba mdogo, mdogo wake wa pekee, aliyekaa Buzuruga, aliwaeleza waombolezaji jinsi vyuma vya pamba vilivyomwua kaka yake, na mama na mimi tukainamisha vichwa. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo kilipomuumbua baba, tulimfunika tena.

Nilishakuwa mtu mzima, na watoto wangu, baba mdogo aliponitembelea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akaniambia kwa kicheko kuwa uzee una mambo, kichocho cha utotoni kimemrudia. Nilimweleza yote pale pale, tezi, mpira, kiapo. Akauliza: "Na mlininyamazia miaka yote hii?"

Tulimpeleka hospitali wiki ile ile. Saratani ilikuwa imeshafika mifupani.

Siku hizi Mwanza ina hospitali zenye vipimo ambavyo baba hakuwahi kuvisikia, na redioni tezi dume hutajwa asubuhi watu wakinywa chai. Lakini wanaume wetu huongeza sauti ya mpira wa miguu na kupunguza hiyo. Kwenye mazishi ya baba mdogo nilisimama mbele ya watu nikasema alichokufa nacho, na kwamba ndicho kilichomwua kaka yake. Shangazi zangu walijifunika midomo. Jioni ile, nikiosha masufuria nyuma ya jiko, wanaume wanne wa ukoo walinifuata, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, wakaniuliza dalili, na kila mmoja alisema anamuulizia rafiki yake.