Vipande Saba vya Gauni la Chencho

Librada Ontiveros alikuwa na dharau ya kuutosha mtaa mzima, na bado ikabaki ya kwenda nayo kanisani. Alimdharau mwokaji kwa kubania sukari. Alimdharau padri kwa kusoma mahubiri kwenye simu. Alimdharau mwanawe Rogelio kwa kununua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba, ilhali barabara za Los Angeles ya Mashariki zimejaa tele na mtu hadaiwi kitu kukimbia humo. Mashine hiyo Rogelio alitaka kuiweka kwenye gereji ya mama yake. Lakini gereji haikuwa na nafasi. Ilikuwa na masanduku kumi na moja ya marehemu Chencho Arriaga, yaliyokaa humo miaka thelathini na mmoja.

"Mama, yule mtu kafa zamani," Rogelio alikuwa akimwambia. "Na wala hakuwa ndugu yetu. Siku ukiondoka wewe, mimi nitayafanyia nini?"

"Utayatupa kando ya barabara. Nakujua, nimekuzaa mwenyewe."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Alikuwa na miaka sabini na minne, moyo ulikuwa umeanza kumruka mapigo, na alijua kwamba siku atakayozikwa, kabla tamale za matanga, ule unga wa mahindi uliofungwa majanini, hazijapoa, masanduku yatakuwa nje yananyeshewa. Alijua kwa sababu alikwishayaona yakiwa nje mara moja, na aliyeyaokota alikuwa yeye.

Maisha yake mengine hayakuwa na la kusimulia, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Miaka thelathini na minne alishona mifuko ya suruali katika viwanda vya katikati ya jiji. Mifuko tu, suruali yenyewe hakuwahi kuiona imekamilika. Jioni, nyumbani, alishona magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, yale mapana yanayoujaza mlango wa kanisa. Ndipo siku moja mwaka 1974 akaingia kijana ana jora la kitambaa cha dhahabu kwapani na masharubu mazito kama brashi ya viatu.

"Nani anatimiza kumi na mitano?" Librada akauliza.

"Mimi, mama. Nimechelewa kidogo tu."

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Librada alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akatafuta la kumtukania, akalikosa. Akachukua futi ya kupimia.

Jukwaani kijana huyo, Chencho, alijiita Bibi Masharubu, ingawa jukwaa lenyewe lilikuwa kituo cha basi, au uwanja wa kuegeshea magari, au popote polisi walipochelewa kufika. Jumamosi ya kwanza alisimama kwenye barabara ya Whittier na gauni lake la dhahabu, taji kichwani, masharubu yamepakwa nta yakasimama, akawaomba waliokuwa wakingoja basi wacheze naye dansi. Binti akitimiza kumi na mitano hucheza na baba yake mbele ya watu; baba yake Chencho alikuwa ameacha hata kumtazama usoni. Wengine walicheka. Wengine, watu wa heshima zao, walimrushia machungwa. Mzee mmoja mtunza bustani aliweka reki yake chini, akajifuta mikono, akacheza naye mpaka basi likaja. Picha ya dansi hiyo ipo moja tu duniani.

Kila baada ya onyesho Chencho alimletea Librada gauni lifumuliwe. Lilishonwa kwa mishono mirefu makusudi, likafumuliwa likawa vipande saba, vikakunjwa ndani ya foronya ya mto. Onyesho lijalo, linashonwa upya. Librada alilalamika kwamba hiyo ni kazi ya wendawazimu.

"Gauni likining'inia kabatini mama atalichoma moto," Chencho alimweleza. "Lakini kitambaa? Uliona wapi mwanamke wa kwetu akachoma kitambaa kizuri?"

Na alisema kweli. Alipokufa mwaka 1992, kwa ule ugonjwa ambao familia zote za mtaa ziliuita nimonia, mama yake alichoma mawigi na viatu uani, akasukumia makaratasi, picha na barua kando ya barabara, ila ile foronya aliikagua akaiweka juu kabisa ya rundo, kwa aliye na haja nayo. Librada alivisomba vyote kwa toroli la dukani, safari tatu, huku majirani wamejipanga madirishani. Nao aliwadharau mmoja mmoja, kwa majina.

Lakini dharau kubwa kuliko zote, ile ya akiba, ilikuwa ya Herminia, dada yake Chencho. Siku ya mazishi Librada aliinama kwenye jeneza akamkuta Chencho kavalishwa suti ya kahawia na tai, na mdomo wa juu mtupu kama kuku aliyenyonyolewa.

"Nani kamnyoa?"

"Mimi," Herminia alijibu, bila kupepesa jicho.

Tangu siku hiyo Librada hakumpa Herminia neno zaidi ya salamu, na salamu yenyewe aliitema.

Sasa, miaka yote hiyo imepita, ndipo chuo kikuu kikagundua kwamba Bibi Masharubu alikuwa mtu mkubwa. Kilimtuma Daktari Valdivieso, daktari wa vitabu, mtoto wa Wachikano hawahawa, Wameksiko waliozaliwa Marekani, aliyesoma mpaka akaanza kusema Kihispania kama anatafuna karatasi. Alivaa glavu nyeupe. Alisema Chencho aliuhoji mwili na akavuruga mipaka. Chencho ambaye Librada alimjua alihoji bei ya lesi. Hata hivyo alinyamaza, kwa kuwa chuo kilikuwa na vyumba vya baridi, masanduku yasiyoshika kutu na watu wanaolipwa kufukuza panya, na yeye alikuwa na Rogelio.

Kwenye sanduku la nne daktari alikuta foronya. Akaifungua, akanyanyua vile vipande saba vya dhahabu kimoja kimoja, akaandika kwenye orodha: vitambaa mbalimbali.

"Hivi unaweza kubaki navyo, señora. Sisi tunachukua kazi zilizokamilika." Kisha akashusha sauti kama yuko msibani. "Na lile gauni la dhahabu, la kwenye picha? Lilipotelea wapi?"

"Sijui," Librada akasema.

Angeweza kumwambia. Lakini mtu aliyelishika gauni kwa mikono miwili na asilijue, Librada hakuona kwa nini ajisumbue kumfumbua macho. Roho yake ilisuuzika.

Haikusuuzika kwa muda mrefu. Daktari alieleza kwamba kisheria masanduku ni mali ya mrithi. Mrithi aliye hai ni Herminia. Lori litakuja tarehe tatu Februari. Bila sahihi ya Herminia litarudi tupu, na mradi utafungwa.

Basi Librada Ontiveros alivaa koti, akaenda kubisha mlango ambao alikuwa ameapa hataubisha.

Herminia alikuja kuyaona masanduku wiki ya pili ya Januari, mkoba wake mweusi kwapani, ule asiouachia hata kwenye komunyo. Mwaka huo yeye ndiye alikuwa mama wa ubatizo wa sanamu ya Mtoto Yesu ya parokia, na ilimpasa amtafutie nguo mpya ya kuvaa tarehe mbili Februari, siku anapopelekwa altareni kubarikiwa. Alizunguka gereji akigusa vitu kwa ncha ya kidole.

"Uchafu mtupu. Na wewe unaishi nao humu."

"Ninyi mliutupa, mimi nikauokota. Utasaini au hutasaini?"

"Mwaka jana walimvalisha Mtoto kama daktari," Herminia akasema, kama hakusikia. "Mwaka juzi mchezaji mpira. Nimechoka na upuuzi." Akaifikia foronya. Akatoa vipande, akavikunjua juu ya mashine ya kufulia, akakichagua kile kirefu, cha mkia. Kidole chake kikapita taratibu kwenye pindo mpaka mwisho, kikatulia. "Hiki. Mshonee hiki, nami nitasaini. Baada ya misa, si kabla."

Librada alihisi moyo umeruka, na safari hii haukuwa ugonjwa. Kwenye pindo hilo, upande wa ndani, alikuwa ametarizi kwa uzi mweusi masharubu mawili yaliyopinda, madogo kama punje ya mchele. Ilikuwa alama yake na Chencho.

"Ni kitambaa cha zamani," akasema.

"Nina macho. Na usikitie mkasi. Kishikize kwa mishono mirefu tu. Pindo usiliguse."

Ubahili, Librada akawaza. Hata kwa Mwenyezi Mungu wanaazimisha tu, ukoo huu. Akakubali, na wiki tatu zilizofuata alishona huku anacheka peke yake. Atangoja sahihi. Sahihi ikishaingia kifuani, atamwambia mbele ya watu ni kitu gani alichokibeba altareni. Alifanya mazoezi ya kulisema mbele ya kioo, akachagua hata mahali pa kutulia ili uchungu umwingie vizuri.

Tarehe mbili kanisa lilifurika. Kila familia ilikuja na sanamu ya Mtoto wake mkononi, na mbele ya wote akatangulia Herminia amembeba yule mkubwa wa parokia, na ile dhahabu imemporomoka mpaka magotini. Watu wakanong'ona. Baada ya baraka wakapanga foleni kubusu pindo. Librada alisogea karibu ili asikose kitu. Aliwaona wazee aliowakumbuka vizuri, wenye mikono iliyowahi kushika machungwa, wakipiga magoti mmoja baada ya mwingine na kuibusu nguo ya Chencho. Herminia alibusu wa mwisho, na alikawia.

Ukumbini, penye tamale na uji wa mahindi wa moto, Herminia aliweka karatasi mezani akasaini majina yake yote matatu. Librada aliikagua, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akainua sauti, meza tatu zikasikia.

"Haya, doña Herminia. Kile kitambaa ulichokibusu mbele ya parokia nzima..."

"Ni mkia wa gauni la Chencho," Herminia akamalizia, huku anamenya tamale yake. "Kaa chini, unapiga kelele."

Librada alikaa.

"Ulijua?"

"Unatarizi masharubu kwenye pindo halafu unadhani watu vipofu. Majivuno yako hayo. Tena niliwahi kuliona limevaliwa. Siku ile nilikuwa dukani kwa mwokaji, ng'ambo ya barabara. Nilimwona akicheza na yule mzee wa reki."

"Na hukutoka?"

"Sikutoka. Nilikuwa mwoga. Lete karatasi nyingine nisaini na hilo." Herminia akafuta vidole. "Baba aliapa Chencho hataingia kanisani kama alivyo. Leo kaingia. Nimembeba mimi, na wale wajinga wamempigia magoti. Wewe ulitaka nini zaidi?"

"Ungeniambia, mwanamke."

"Ningekuambia saa ngapi? Miaka thelathini na mmoja unanisalimia kama unatema mbegu."

Librada alisukuma sahani kando. Akashika la mwisho alilokuwa nalo.

"Ulimnyoa."

Herminia aliacha kutafuna. Akauvuta mkoba mweusi mapajani, akaufungua, akatoa bahasha ya sadaka ya zamani iliyogeuka rangi kama chai.

"Baba ndiye alikuwa ameshika wembe. Mkavu, bila maji. Alisema atayang'oa kwa mkono wake. Nikamnyang'anya. Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikamnyoa mimi, polepole, kama yuko hai. Halafu nikayaokota." Akaisukuma bahasha mezani. "Hayo nayo yaende kwenye chumba chao cha baridi. Mimi nina miaka sabini na mmoja, na wanangu ni kama Rogelio wako."

Librada aliifungua. Yalikuwa humo, meusi, ncha bado zimeshikana kwa nta. Akalia ukumbini mbele ya watu wote aliowadharau, na ilimuudhi sana kwamba waliona.

Kesho yake asubuhi lori lilikuja. Mkia ulikuwa umekwisha kufumuliwa na kurudi foronyani na wenzake sita. Librada alimwita daktari, akavipanga vipande saba sakafuni kila kimoja mahali pake, kifua, mikono, sketi, mkia, akamngoja. Daktari alitazama kimoja kimoja mpaka gauni likamjia. Kisha akavua glavu, akachukua orodha, akakata yale maneno "vitambaa mbalimbali." Hakuthubutu kusema lolote kuhusu mipaka, na Librada akampunguzia dharau kidogo, kama robo.

Alipofika kwenye bahasha, daktari alishika kalamu upya.

"Masharubu yenyewe," akanong'ona. "Lazima tuandike nani aliyatunza. Ni wewe, señora?"

Librada angetoa meno yake ya bandia aseme ndiyo.

"Mimi niliokota makaratasi," akasema. "Andika Herminia."