Mchape Bibi Harusi!

Kosa ni langu. Nisimsingizie shetani, maana siku ile sebule yetu ilijaa wageni hata shetani asingepata mahali pa kukaa. Ni mimi, kwa akili zangu timamu na mvi zangu zote, niliyetia aibu posa ya mjukuu wangu kwa sababu ya farasi!

Ndiyo, farasi. Ngoja nikueleze polepole.

Naishi Seven Hills, hapa Sydney, na mjukuu wangu ambaye nitamwita Neema. Ni muuguzi. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, tukamlea mimi na marehemu bibi yake, na mimi ndiye baba anayemjua. Nilifanya kazi kwenye ghala moja kule Wetherill Park hadi nikastaafu. Ghalani ndiko nilikokutana na Salvatori, mzee wa Kirundi aliyepitia kambi za wakimbizi za Tanzania, mcheshi kupita kiasi. Tulipostaafu tukabaki kutazamana.

Jumamosi moja ya kiangazi akaniambia, "Mzee mwenzangu, twende tukaone farasi. Kutazama tu."

Kutazama tu! Hayo maneno mawili yachunge sana.

Nilimwambia Neema naenda Lidcombe kunyoosha miguu. Mimi, mzee wa kanisa!

Jamani, farasi! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanang'aa vile. Jua la Januari, nyasi za kijani kibichi, wanawake wenye kofia pana kama sinia za pilau, na wale wapanda farasi wadogo waliovaa mashati ya rangi za peremende. Kabla ya kila mbio, farasi huzungushwa taratibu mbele ya watu ili uwaone na uchague.

Salvatori alichagua kwa miguu. "Ona mapaja yale! Huyo si farasi, ni pikipiki."

Mimi nilichagua kwa majina. Nililitafsiri jina la farasi kwa Kiswahili, na likinikaa vizuri mdomoni, naweka dau.

"Unabeti jina?" Salvatori alinicheka. "Jina lina miguu?"

"Jina ni bahati."

"Basi kambeti pasta wako, ana majina manne."

Katika mbio zilizofuata akakimbia farasi ambaye jina lake kwa lugha yetu ni Mwavuli wa Shangazi. Akashinda! Pikipiki ya Salvatori ikaingia ya mwisho! Nilijikuta nimekumbatiana na mzungu nisiyemjua, sote tunaruka kama watoto, bia yake yote ikaishia kwenye shati langu. Nikarudi nyumbani nikiimba pambio.

"Babu, matembezi yanakufaa!" Neema akasema.

Yalinifaa mno! Jumamosi zilizofuata nilinyoosha miguu kuliko mwanariadha.

Kisha ikaja posa. Neema alipata mchumba, kijana mpole wa Kirundi aliyelelewa na mama peke yake. Neema akanipeleka kupimwa masikio, nikapewa vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia. "Sitaki ukose hata neno moja, Babu. Wewe ndiye utakayenisemea."

Nikamwambia sitakosa.

Sasa vifaa hivyo, ndugu yangu, vinaungana na simu! Sauti inaingia moja kwa moja sikioni, na aliyeketi kando yako hasikii kitu. Aliyevibuni hakunijua mimi!

Asubuhi ya siku yenyewe nikachungulia farasi wa mchana, kwa mazoea tu. Nikakuta jina ambalo ukilitafsiri ni Bibi Harusi Kachelewa. Bibi harusi! Siku ya posa! Ungekuwa wewe usingesema ni ishara? Nikaweka dau. Nikampigia Salvatori, ambaye alikuwa anakuja kama mzee wa upande wetu, nikamwambia.

"Miguu yake ikoje?" akauliza.

"Sijaiona. Lakini jina, mzee! Jina!"

Wageni wakaja. Tukaketi, tukasali, tukazungumza mahari kwa adabu, tukaelewana bila shida. Saa ya mbio ikafika. Nikagusa simu mfukoni. Dakika moja tu, nikajiambia. Mtangazaji akaanza kupayuka sikioni mwangu, nami nikatikisa kichwa kwa hekima kana kwamba nasikiliza wageni.

Ndipo mama wa kijana akainuka, mwanamke mtaratibu sana.

"Mzee wetu, sisi tunaomba wosia wako. Kijana wetu akishamchukua huyu bibi harusi, aishi naye namna gani?"

Watu wote wakanigeukia.

Sikioni, farasi walikuwa wamekata kona ya mwisho. Bibi Harusi wa tano! Bibi Harusi wa tatu! Bibi Harusi anakuja kwa nje, anakuja, anakuja...

"Mchape!" nikapiga kelele. "Mchape bibi harusi! Usimhurumie! Tia fimbo! Fimbo!"

Nilipopata fahamu nilikuwa nimesimama, ngumi hewani.

Lo! Kijana aliinamia vidole vyake. Mama yake akaokota mkoba. "Mimi nilimkimbia mume kwa sababu ya fimbo," akasema taratibu. "Sikumleta mwanangu hapa kufundishwa fimbo." Neema akafunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika.

Nami, badala ya kusema kweli, nikadanganya. "Samahanini, nilisinzia kidogo. Nilikuwa naota."

"Mzee anaota kuchapa bibi harusi?" mama akauliza.

Na pale pembeni Salvatori, macho yamemtoka, akashindwa kujizuia. "Mzee! Ameshinda au hajashinda?"

"Ameshinda," nikasema. "Kwa urefu wa pua tu."

Basi nikaeleza yote, mbele ya wote. Uwanja, majina, sikio, uongo wa Lidcombe.

"Farasi?" mama akauliza.

"Farasi, mama."

"Na anaitwa Bibi Harusi?"

"Bibi Harusi Kachelewa."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka mpaka akaketi tena, mkoba ukamdondoka, na nyumba nzima ikaangua kicheko naye. Posa ikaendelea. Tukala kuku na chapati, na wakati wa kuaga mama akaninong'oneza, "Jumamosi ijayo anakimbia nani?"

Unadhani yameisha? Hata mimi nilidhani.

Wageni walipoondoka nilimkuta Neema jikoni anasugua sufuria. Alizungumza kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akiwa na hasira.

"Kelele nimekusamehe, Babu. Na uongo wa matembezi. Lakini mama mkwe alipochukua mkoba, nilikutazama. Nililia nikikungoja uniokoe. Ulikuwa unatabasamu."

Ilikuwa kweli! Hili ndilo ungamo langu hasa. Kelele ilinitoka bila kujua. Tabasamu nililijua. Nilimwona mtoto wangu analia, na kifuani mwangu ngoma ilikuwa inalia, ameshinda, ameshinda! Nilikuwa na furaha tele, na sikuweza kuizima.

Siku ya harusi hakutaka nimshike mkono. Hakugombana nami. Alisema tu, "Nitaingia mwenyewe, Babu." Nikaketi safu ya mbele na ua kwenye koti, nikamwona akitoka mlangoni hadi madhabahuni peke yake, mkono wangu umekaa bure gotini.

Wazee wenzangu wa huku ugenini, mnaobaki nyumbani watoto wakienda kazini, sikilizeni. Siwaambii farasi ni wabaya. Ni watamu! Hata leo miguu inaniwasha. Huo utamu ndio wa kuogopa.

Juzi nilionyeshwa picha za posa. Kumbe Neema alivaa gauni la kijani, na miguuni viatu vya marehemu bibi yake. Nilikuwa nimeketi mbele yake mchana kutwa, na sikuviona. Watazameni watoto wenu wakiwa mbele yenu. Msingoje picha.