Kokwa Arubaini na Tatu

Nafundisha hisabati hapa Malindi, na kazi hii imeniharibu: siamini jumla ya mtu mpaka niirudie mwenyewe. Hata ilipobaki siku moja mama apelekwe Kilifi kupasuliwa mguu, nami nimejaa hofu, niliona bora kuwashuku wanawake waliokuja kumwombea.

Walikuja kuvuta uradi, kulitaja jina la Mola, Ya Latif, mara elfu kumi na sita mia sita arubaini na moja. Tabia za idadi hiyo nazijua. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Za Latif ukizijumlisha hupata 129, na 129 mara 129 ndiyo idadi yenyewe. Haigawanyiki kwa mbili, wala kwa tano, wala kwa saba. Ukitaka watu wagawane sawasawa, wawe watatu au tisa. Ukipita hapo, mpaka arubaini na tatu, na ukumbi wetu hautoshi. Shangazi, aliyewaongoza, hakusoma skuli, lakini alijua kwa mazoea: watu tisa, kila mmoja 1849.

Mlangoni nilihesabu viatu jozi nane. Baada ya alasiri shangazi akatoka, akasema idadi imetimia.

"Mlikuwa wangapi, shangazi?"

"Tisa."

"Mbona viatu ni vya watu wanane?"

"Umekuja kutusimamia mtihani?" akasema, akaenda zake jikoni kutazama kahawa.

Sikutulia. Idadi ile ni witiri, wanane hawaigawi. Nikaingia chumbani kumpa mama dawa, nikamwinulia mto, nikakuta chini yake kokwa za tende zimefungwa kwenye leso. Nikapandwa na hasira. Mama ana sukari, na daktari alishasema ikipanda hapasuliwi, na asipopasuliwa mguu utakatwa. Nikazihesabu mbele yake, nipate ushahidi. Arubaini na tatu.

"Mama, umekula tende zote hizi?"

Nikazitazama tena. Kokwa zilikuwa kavu, zimelainika kwa kushikwa miaka mingi kama tasbihi. Arubaini na tatu, mizunguko arubaini na mitatu: 1849. Wa tisa alikuwa amelala mbele yangu, na viatu vyake viko chini ya kitanda.

Nikaona haya. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu? Nilichoka. Mizunguko miwili sikuisoma, na shangazi yako nimemwambia nimemaliza. Usimwambie."

Kumbe sikukosea. Idadi ilipungua themanini na sita, na sikufurahi hata kidogo.

Nikakaa kitandani, nikaanza kuzihamisha kokwa moja moja, nikilitaja jina. Kwenye mzunguko wa pili mama akashikwa na usingizi, mkono wake juu ya goti langu, nami hesabu ikanipotea. Nikaanza upya. Nilipofika mwisho nikaanza tena, na tena, maana niliogopa kuacha.